Dakika Kumi na Zinduna

Saa nne kasorobo, chooni, hoteli moja ya Shanty Town,
nanawa mikono mara ya tatu
na bado viganja vinatoka jasho
kama mkate wa moto ndani ya rambo.
Kwenye kioo najaribu: "Karibu Moshi, dada."
Hapana. "Karibu Moshi, malkia."
Hapana. Nyuma yangu mlango unafunguka,
mzee mmoja anatoka akifunga mkanda:
"Asante, kijana. Nimeshakaribia."

Karatasi ninayo. Maswali kumi na mawili,
nimeyaandika usiku nyuma ya risiti ya marehemu baba,
ya chama cha ushirika, kahawa kilo arobaini na mbili,
karatasi ngumu, haichaniki ovyo.
Swali la kwanza nimelirudia mpaka limeisha utamu,
bazoka ya tangu alfajiri.

Mhariri Kileo kasema: dakika kumi tu, Aikaeli,
muulize ya mume, muulize ya lile gari,
usiniletee habari za utoto, nani anasikiliza utoto?
Kasema hivyo akimenya karanga.
Yeye hajapata kuketi mbele ya mtu
ambaye sura yake imebandikwa nyuma ya bajaji za mji mzima.

Meneja, Sudi, ananiita kwa kidole.
Ndani kuna baridi ya mashine. Pazia limefungwa.
Nyuma ya pazia, najua, uko mlima,
nao leo umejifunika, hautaki picha;
wageni wameketi bwawani na kamera zao, wanausubiri.
Poleni, ndugu. Wote tuko kazini.

Zinduna ni mdogo kuliko sauti yake.
Viatu amevivua, vimelala ubavu
kama kuku waliofungwa miguu sokoni.
Nasema shikamoo. Sijui kwa nini.
Ana miaka ishirini na saba, mimi thelathini na mmoja.
Anaitikia marahaba bila kucheka,
amezoea kupewa asivyoviomba.

Nabonyeza. Taa nyekundu.
Sijafungua mdomo, yeye ameshaanza:
"Nilianzia kwaya. Mama hakutaka. Albamu inakuja.
Ugomvi hakuna, ni maneno ya watu.
Mume, Mungu akijalia. Gari ni la kazi.
Mashabiki nawapenda sana. Moshi ni kama nyumbani."
Anakunja vidole kimoja kimoja, kama anayetaja bei za nyanya.
Dakika mbili na nusu.
Risiti ya baba imekwisha.

Kimya.
Sudi anatazama saa.
Goti langu linacheza peke yake, tena nje ya mdundo.
Natafuta swali. Kichwani hamna,
hamna kabisa, ghala la mwezi wa tano, hata panya kahama.
Ndipo ulimi wenyewe, bila ruhusa,
ukatoa lile ambalo mama humwambia kila anayebisha hodi,
mgeni, mdai, mchungaji, hata fundi wa mita ya umeme:

"Umekula?"

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza, akanitazama.
"Jana," akasema. "Mchana. Chipsi, pale Same, ndani ya gari."
Na uso ule wa bajaji ukalegea pembeni
kama bango lililonyeshewa.

Yaliyofuata ni mambo ya jikoni tu.
Sudi akatumwa, akarudi na machalari kwenye hotpoti,
tukala, yeye kijiko, mimi uma,
akanionesha jino linalomsumbua, gego la kushoto,
akipandisha sauti sana linapiga kengele.
Sasa kila wimbo wake nalisikia.
Mji mzima unacheza, mimi nashika shavu.

Kileo akakata yote. "Watu wanatafuna hewani, Aikaeli?"
Zikabaki zile dakika mbili na nusu,
zikarushwa saa saba, baada ya matangazo ya vifo.

Alhamisi nina mchezaji mpira, anatokea Arusha.
Maswali nimeandika kumi na manne.
Sijajifunza kitu; tumbo joto, mikono nimeshainawa mara mbili.
Ila begini, chini ya maiki,
nimeweka maandazi sita.